Kinywaji Alichokisahau Povu

Hotelini walimwita Povu, na waliolisikia jina hilo kabla ya kumwona walitarajia kukutana na mtu mkali wa kufokafoka. Walipomwona walijiona wametapeliwa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama yenyewe, na katika miaka ishirini na saba aliyokaa nyuma ya kaunta ile hakuna aliyewahi kumwona povu likimtoka kwa hasira. Jina lilitokana na mvinyo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kokteli za mvinyo wa mapovu, ule unaofunguliwa kwa mlio na kupanda kwenye glasi kana kwamba una safari. Watu wa mji ule waliofanya harusi zao katika ukumbi wa hoteli walitaka kinywaji cha kwanza cha siku hiyo kitoke mikononi mwake.

Alikuwa na utaratibu wake. Wiki tatu kabla ya harusi aliwaita bwana na bibi harusi watarajiwa, kila mmoja kwa siku yake, saa tisa alasiri, baa ikiwa bado tupu. Alimketisha mgeni kwenye meza ya pembeni, akamletea glasi ya maji, kisha akamuuliza habari za mwenzake. Hakuuliza mambo makubwa. Akiamka hushika nini kwanza? Akinuna hukaa chumba gani? Ni tunda gani hawezi kulipita sokoni? Alisikiliza bila kuandika hata neno. Baadaye alijifungia na vitu vyake, asali, tangawizi, iliki, maganda ya machungwa, matunda aliyoyaponda na kuyachuja kwa kitambaa mara tatu, akachanganya na kumwaga, akachanganya tena, mpaka apate kinywaji ambacho kilikuwa cha watu hao wawili peke yao. Kikishanywewa siku ya harusi, basi. Hakukirudia na hakukiandika popote. Na kila aliyeketi kwenye meza ile alipewa ahadi moja: utakayoniambia nitayatia kwenye glasi, lakini mdomoni mwangu hayatatoka.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Mvinyo wa mapovu hautikiswi. Ukiutikisa umeua kila kilichomo. Kinachotangulia ni shira au maji ya tunda, glasi ikiwa baridi, kisha mvinyo unateremshwa taratibu juu ya mgongo wa kijiko kirefu. Hapo unangoja. Mapovu yanapanda na harufu, yanaifikisha puani kabla midomo haijagusa glasi. "Mtu hunywa kwa pua kwanza," alizoea kuwaambia wahudumu wapya. "Mdomo unakuja kuthibitisha tu."

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuonja na kutema. Mkewe, mpiga pasi katika duka la dobi, hakuwahi kugusa kileo maishani kwa sababu ya imani yake, na walipooana walikubaliana kwamba kazi ni kazi, ila chupa haivuki kizingiti cha nyumbani. Wakalea watoto wawili, wakawaoza, na hakuna chupa iliyovuka.

Mwaka alipotimiza miaka hamsini na miwili, Povu aliugua mafua makali. Yalimlaza siku kumi, homa inapanda na kushuka, mkewe akimkanda kwa kitambaa cha maji. Aliporudi kazini asubuhi ya kwanza alikata ndimu, akaileta puani kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka yote ile. Hakusikia kitu. Akadhani pua imeziba, akapenga. Pua ilikuwa wazi kabisa. Hewa iliingia na kutoka bila kikwazo chochote, lakini ilikuwa hewa tupu. Akanusa kahawa, akanusa iliki, akafungua kopo la sabuni ya kuoshea glasi na kuinamia ndani. Yote yalikuwa sawa na kunusa ukuta.

Alijipa wiki moja, halafu mwezi. Hakumwambia mtu. Alijikaza, akawa anafanya kazi kwa kipimo na kwa mazoea, kama mtu anayetembea kwenye nyumba yake gizani na kujua kiti kilipo. Walipokuja wachumba aliwasikiliza kama kawaida, kisha akawatengenezea vitu visivyo na hatari: chungwa, asali, tangawizi. Watu walikunywa na kushukuru. Yeye alijua kwamba anawapa karibu kinywaji kilekile, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Mambo yalianza kumharibikia kwenye harusi moja ya mchana. Baba wa bibi harusi, mtu wa utani, alipiga funda la kwanza, akaishika glasi mbali na uso na kuitazama. "Bwana Povu," alisema, "hiki ni cha kunywa au cha kuogea?" Meza nzima ikacheka, na Povu akacheka nao. Msimamizi wa ukumbi, mwanamke wa makamo aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na mitano, aliichukua glasi mojawapo hadi nyuma ya pazia, akanusa, akaonja.

"Kaka, umetia maji ya waridi mara mbili."

"Mkono umeteleza, mdogo wangu."

Msimamizi alimtazama, kisha akaenda kuongeza mvinyo kwenye glasi zilizobaki ili kuokoa jahazi. Mkono haukuwa umeteleza. Aliyatia, akasahau kama ameyatia, akanusa ili ajue, na pua haikumwambia lolote.

Jumapili moja baada ya hapo, Povu alikuwa nyumbani peke yake. Mkewe alikuwa ameenda kumjulia hali jirani. Povu alibandika chai jikoni kwenye jiko la gesi, akaenda kufunga dirisha la chumbani lililokuwa likigonga, na huku nyuma upepo ukauzima moto. Aliporudi alikaa mezani akaanza kumenya viazi. Alimenya kimoja baada ya kingine, bila haraka, gesi ikiendelea kutoka. Kisha akainua macho, akaona moto haupo, akachukua kibiriti na kutoa njiti.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe alisimama pale na mkono mmoja puani.

"Weka chini hicho kibiriti," alisema.

Alisema polepole, kama anazungumza na mtu aliye juu ya paa. Povu alikiweka. Mkewe alipita, akafunga gesi, akafungua dirisha na mlango wa nyuma, akamshika mkono na kumtoa hadi uani. Walisimama kando ya kamba ya nguo. Hapo ndipo mama wa watu alipokaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Husikii?" aliuliza.

"Sisikii."

"Gesi yote ile?"

"Sisikii kitu chochote, mama watoto. Tangu mafua."

Mkewe alihesabu kimoyomoyo. "Miezi mitano nakupikia. Miezi mitano unaniambia chakula kitamu."

"Chumvi ilikuwa sawa," Povu alisema. "Chumvi naisikia."

Mkewe alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Povu alidhani analia, lakini alipokiondoa macho yalikuwa makavu, na alichosema kilikuwa kwamba kesho yake wangekwenda wote wawili hospitalini. Walikwenda. Daktari wa pua na koo alimmulika, akamnusisha vichupa sita ambavyo kwa Povu vilikuwa kichupa kimoja, akawaeleza bila kuficha. Mafua yalikuwa yamejeruhi mishipa ya kunusia. Kuna ambao hupona baada ya miezi, kuna wa miaka, na kuna ambao hawaponi. Dawa ya kumwandikia hakuwa nayo.

Siku iliyofuata Povu aliandika barua ya kuacha kazi. Aliirudia mara tatu, maana hakutaka iwe ya kujionea huruma, na mwishowe ikabaki na mistari minne. Alhamisi akavaa shati lake jeupe, akaitia barua mfukoni na kwenda hotelini akiwa amepiga moyo konde. Meneja alikuwa kwenye kikao. Povu akaingia baa kumngojea, na huko akamkuta mwanamke ameketi kwenye kiti kirefu cha kaunta, mkoba umewekwa magotini, mgongo umenyooka.

"Wewe ndiye Bwana Povu," alisema mwanamke. "Umeota mvi, lakini ni wewe. Ulitufanyia harusi."

Alijitambulisha kuwa ni daktari wa meno, mwenye kliniki mtaa wa pili nyuma ya posta. Mumewe alikuwa mwalimu wa muziki. Mwezi uliofuata wangetimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na walikuwa wamepanga zamani kuwaita tena watu waliokuwepo siku ile. Mumewe alikuwa amefariki miezi saba iliyopita, moyo ulisimama akiwa ameketi darasani. Yeye alikuwa ameamua kuwaita watu hao vilevile.

"Nataka kile kinywaji," alisema.

"Daktari, pole sana na msiba. Lakini mimi sirudii vinywaji."

"Najua. Mume wangu alinieleza. Nimekuja hivyohivyo."

Povu alishika tama. Aliweza kutafuta kisingizio, na alikuwa amekwisha kukipata, lakini macho ya mwanamke yule yalikuwa yametulia mno. Akaitoa barua mfukoni na kuiweka kaunta. "Hii ni ya kuacha kazi," alisema. "Sisikii harufu. Ni karibu miezi sita sasa. Na hata ningesikia, kinywaji chenu sikikumbuki. Nakumbuka piano ilisogezwa dirishani. Basi."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote hotelini, na sasa alikuwa amemwambia mgeni. Daktari hakumpa pole. Alimuuliza kama wanavyouliza watu wa kazi yake: "Ulimi je? Sukari, chumvi, ndimu, uchungu, unavipata?"

"Navipata."

"Tangawizi inakuuma?"

"Inauma."

"Mapovu?"

"Yanachoma kama zamani."

"Basi bado una mdomo. Harufu niachie mimi. Kliniki yangu Alhamisi alasiri imefungwa, na leo ni Alhamisi."

Povu alicheka kidogo, kwa mshangao zaidi kuliko furaha. Akairudisha barua mfukoni, akavua saa, akanawa mikono.

Alimuuliza anakumbuka nini. Daktari alifumba macho. Alikinywa akiwa amesimama, alisema, kwa kuwa gauni lilimbana na kukaa ilikuwa shida. Kinywaji kilikuwa na rangi ya majani makavu. Utamu wake haukuwa wa sukari. Mwanzoni kilikuwa chepesi kama maji ya mvua, na mwishoni kulikuwa na kitu ambacho alishindwa kukitaja, kitu alichokijua, kilichofanya ulimi ulale kidogo. "Nilimwuliza mume wangu ni nini," alisema. "Akaniambia nikuulize wewe. Nikakuuliza, ukaniambia nimwulize yeye."

Walikutana Alhamisi tatu. Povu alikata matunda, yeye akanusa na kuhukumu. Glasi ya matofaa aliikataa palepale. Ya balungi ilimkunja uso. Povu alipojaribu mnanaa na ganda la ndimu, Daktari aliitemea kwenye kikombe kwa ustadi wa mtu aliyewaamuru wengine wateme maisha yake yote, akasema, "Hiyo nina galoni zake kliniki, nawapa wagonjwa wasukutue." Alhamisi ya pili walilipata tunda: pea, lile la jamii ya tofaa, lililoiva hadi kulegea, likachujwa hadi likawa maji. Siku hiyohiyo wakaipata asali. Daktari alinusa, akafumba macho, na Povu akajua wamekaribia, kwani aliwahi kuona nyuso za namna hiyo.

Lakini kile kitu cha mwisho kiliwakwepa. Povu alitia tangawizi, akatia pilipili manga, akatia mdalasini. "Siyo," alisema Daktari. "Siyo. Hii inachoma, ile ilituliza." Na kati ya glasi na glasi alimzungumzia marehemu, bila kuulizwa. Alikuwa mtu wa kuchelewa kila mahali. Alipiga piano vizuri na kuimba vibaya. Alhamisi ya tatu, akiwa anafunga mkoba, alisema jambo lililomfanya Povu asimamishe kitambaa juu ya glasi.

"Alikuja hapa peke yake siku yake, kama ulivyotaka. Alirudi anatabasamu, wala hakuniambia alichokueleza. Miaka yote hiyo. Mimi nilidhani iko siku nitamwuliza vizuri."

Povu hakukumbuka alichoambiwa. Wiki ile alilala na kuamka akijaribu kumwona yule kijana mwalimu wa muziki kwenye meza ya pembeni, na kila alipomkaribia alipata sura za vijana wengine mia, wote wamevaa mashati mapya. Jumatano akakata tamaa. Aliona si haki kumwita mjane wa watu tena kuja kumwonjesha makosa. Akaenda kliniki kumwambia.

Ilikuwa kliniki ya vyumba viwili, madawati ya mbao, picha ya meno ukutani. Alingoja zamu yake kama mgonjwa. Alipoingia, Daktari alikuwa na glavu mikononi na barakoa shingoni. Povu alianza kueleza, na kabla hajamaliza sentensi ya pili Daktari alimkatiza.

"Kwa nini unatafuna upande mmoja?"

"Sitafuni kitu, Daktari, ninazungumza."

"Alhamisi zote tatu umeonja kwa upande wa kushoto. Kaa hapo. Fungua mdomo."

Alikaa. Miaka ishirini na saba ya kuonja shira ilikuwa imefanya kazi yake. Jino la nyuma upande wa kulia lilikuwa limetoboka, naye alikuwa akiyavumilia maumivu kama alivyovumilia mengine. Daktari aliguna. Alichukua pamba ndogo, akaichovya kwenye kichupa cha kahawia, akaibana ndani ya jino, na tone moja likatelezea ulimini.

Kwanza lilikuja joto. Halafu ule ukingo wa ulimi ukaanza kufa ganzi, polepole, kama mtu anayesinzia. Povu alitulia kwenye kiti kile akitazama taa. Ganzi hiyo aliijua. Hakuisikia kwa pua, kwani pua ilikuwa kimya kama siku zote, lakini ulimi uliikumbuka, na ulimi ulipokumbuka, meza ya pembeni ikaja, na glasi ya maji, na kijana mwembamba aliyekuwa akipiga vidole mezani kana kwamba meza ina funguo za piano.

"Nikimshika mkono nasikia karafuu," kijana alikuwa amesema. "Ndiyo kwanza ameanza kazi ya meno, na hiyo dawa yao inaingia kwenye ngozi. Ananawa kwa sabuni, anajipaka mafuta, bado ipo. Yeye haisikii, ameshaizoea. Mimi nikiisikia najua amerudi. Tafadhali usimwambie. Akijua ataona haya kunishika."

Povu alitaka kuinuka. Daktari alimsukuma bega kumrudisha. "Usiume pamba," alisema. "Na usizungumze kwa nusu saa."

Ikawa hivyo. Alitoka pale na siri mdomoni na amri ya kutoufungua.

Jioni, mkewe alipokuwa akikunja nguo, alimweleza yote. Mkewe alisikiliza huku akilinganisha pindo za shuka.

"Nilimwahidi sitasema," Povu alisema. "Na aliyeahidiwa amekufa. Na huyu mwanamke hakuna kitu anachotaka duniani kuliko kujua."

"Amekuomba maneno, au amekuomba kinywaji?"

"Kinywaji."

"Basi mpelekee kinywaji, baba watoto."

Walisimama jikoni wote wawili. Povu alipasha asali kwa moto mdogo na kutia punje za karafuu. Tatizo lilikuwa kujua zimetosha wapi, maana karafuu ikizidi humeza kila kitu. Ulimi wake ungemwambia kuhusu ganzi, lakini harufu asingeijua. Mkewe akavuta kigoda, akainamia sufuria. "Asali si kileo," alisema, "nanusa tu." Punje nne zilikuwa nyingi. Tatu pia. Wakamwaga, wakaanza upya na mbili, naye akawa ananusa kila baada ya muda, macho amefumba, mpaka akainua mkono. "Hapo. Ipua. Ukiiacha zaidi itakuwa hospitali." Povu aliipua. Katika ndoa ya miaka ishirini na minane ilikuwa mara ya kwanza kwa mkewe kushiriki kazi yake, na alimwamini kuliko alivyopata kuiamini pua yake mwenyewe.

Alhamisi ya nne alitandika glasi moja tu. Asali chini, maji ya pea, matone ya ndimu, kisha mvinyo juu ya mgongo wa kijiko. Alingoja mapovu yapande, akaisukuma glasi mbele ya Daktari.

Daktari aliinua. Alinusa, akasita. Akanywa kidogo, akanywa tena. Akaiweka glasi chini taratibu, akauleta mkono wake wa kulia usoni, akanusa kiganja, akaugeuza, akanusa mgongo wa mkono na katikati ya vidole.

"Sisikii kitu," alisema. "Sijawahi kusikia kitu."

Povu alikifuta kile kijiko kirefu.

"Jioni alikuwa akiuchukua mkono huu, anauweka hapa." Aliuweka juu ya pua na mdomo. "Anakaa hivyo. Nilidhani amechoka kwa kusoma noti za muziki. Wakati mwingine niliuvuta, nina kazi zangu." Alimtazama Povu. "Alikwambia nanuka karafuu."

"Ni punje mbili, Daktari. Kwenye asali."

"Nimekuuliza kitu kingine."

"Nimesikia. Ni punje mbili, unaipua kabla haijakolea. Mke wangu ndiye aliyenusa."

Daktari aliendelea kumtazama, kisha akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea alichokuja kukifuata na kuelewa kwa nini amekabidhiwa kikiwa kimefungwa. Machozi yalimtoka bila sauti. Povu aligeuka akaanza kufuta glasi ambazo zilikuwa kavu, akafuta kumi na mbili, akimpa nafasi. Alipogeuka tena, glasi ya Daktari ilikuwa tupu.

"Ile ya zamani ilikuwa tamu zaidi," alisema Daktari. "Au mimi ndiye nilikuwa na miaka ishirini na minane. Fanya hivihivi."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi alasiri. Kati ya watu wote wa siku ile ya harusi walikuja thelathini na mmoja. Wengine walikuwa wamehama, wengine wametangulia. Hakukuwa na hotuba. Daktari alivaa gauni la kijivu, akasimama mlangoni kumpokea kila mtu. Povu na msimamizi wa ukumbi walimimina kwa pamoja na kuzipitisha glasi.

Dada wa marehemu, mama mnene mwenye fimbo, alikuwa wa kwanza kuinua yake. Hakunywa. Alinusa, akageuka, akamtafuta Daktari kwa macho.

"Wifi," alisema, "hiki kinanuka kama wewe."

Mmoja mmoja, watu walizileta glasi puani. Mzee mmoja aliyekuwa amefundisha shule moja na marehemu alitikisa kichwa kukubali. Binamu wawili walitazamana. Walikuwa wamekaa naye mezani, wamepeana naye mikono, wamefunguliwa midomo kwenye kiti chake, na wote waliijua harufu ile bila kuwahi kuitaja.

"Najua, wifi," alisema Daktari. "Nimejua wiki hii."

Walikunywa wakiwa wamesimama. Povu alikuwa ukutani na trei tupu chini ya kwapa. Katika ukumbi ule wote ni yeye peke yake ambaye kinywaji hicho hakikumfikia, na alijua kwamba huenda kisimfikie kamwe. Alizitazama nyuso. Alikaa akizitazama mpaka msimamizi alipomgusa kiwiko kumwambia kuna glasi za kuondoa.

Jumatatu alimpelekea meneja barua. Lakini siku chache kabla, alikuwa amemweleza msimamizi wa ukumbi ukweli wote, na huyo hakushangaa. Alikuwa akijua tangu siku ya maji ya waridi, alikuwa akingoja aambiwe. Ni yeye aliyeingia ofisini pamoja naye na kuzungumza kabla ya meneja kuifungua bahasha. Alisema yeye ana pua, na mikono inafundishika, ila kuketi na watu na kuwauliza hawezi, angewatisha. Meneja, mtu asiyependa mambo marefu, aliirudisha bahasha ikiwa haijafunguliwa na kuwaambia wajaribu mwaka mmoja.

Wamejaribu zaidi ya huo. Msimamizi huandika kila kipimo kwenye daftari, na waligombana juu ya hilo hadi Povu akakubali, kwa sharti kwamba yaandikwe matunda na viungo tu, yale ya mezani yasiandikwe. Harufu haikurudi, isipokuwa kitu kimoja kisichoeleweka, kama mpira ulioungua, ambacho humjia asubuhi baadhi ya siku na kupotea. Jino liling'olewa. Daktari aliling'oa mwenyewe, akamkaripia kwa kulichelewesha.

Juzi kulikuwa na wachumba. Kijana wa kiume alikuja siku yake, akakaa kwenye meza ya pembeni na kusema hana la kusema, mchumba wake ni mtu wa kawaida tu. Povu alimsogezea maji. Kwa kuwa baa ilikuwa tupu na haraka haikuwepo, alikunja mikono, akamwambia achukue muda wake, naye akakaa akimngojea.